Kuchora kwa rangi za mafuta ukiwa Kisumu: mwongozo kamili kutoka bedsita moja Migosi

Nimeulizwa hii kitu mara nyingi mpaka nimeamua niandike yote pamoja. Mtu anakuja amebeba seti ya tyubu kumi na mbili aliletewa na mjomba kutoka majuu, amekesha akiangalia video za watu wanachora huku nje ya dirisha kuna theluji, halafu ananiuliza mbona yangu haikauki, mbona imepasuka, mbona uso wa nyanya yangu umetoka kama umepakwa majivu. Mkono wake hauna shida. Shida ni kwamba yale maelezo yalitungiwa hewa nyingine na jua lingine, na sisi tuko hapa, kama mita 1,131 juu ya bahari, joto la ziwa, ikweta yenyewe inapita hapo tu Maseno. Kwa hivyo nitaeleza venye mimi hufanya, kuanzia chumba mpaka picha inapotoka mlangoni.

Chumba na mwanga

Kila mwongozo unaanza na dirisha la kaskazini. Ulaya wako sawa kusema hivyo, kwa sababu jua lao wakati wa kazi hukaa upande wa kusini mwaka mzima, dirisha la kaskazini linapata mwanga wa anga tu, mtulivu, hauhami. Kwetu jua linatembea. Mwezi wa sita liko kaskazini, mwezi wa kumi na mbili liko kusini, na Machi na Septemba saa sita mchana liko juu ya utosi mpaka unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Kaskazini ama kusini kwetu ni mamoja, cha maana ni usitegemee dirisha la mashariki wala la magharibi, hayo mawili yatakuchoma asubuhi na jioni, unachanganya rangi ya shavu saa mbili, ikifika saa nne shavu limegeuka rangi na wewe hujagusa kitu.

Mimi nina dirisha moja la kusini, mabati yametokeza mbele kiasi, na mwezi wa kumi na mbili ndo naning'iniza shuka nyeupe ya mitumba kwa dirisha. Shuka iwe nyeupe kabisa, ukiweka ya maua ya pinki picha yako yote itakuwa ya pinki na hutajua mpaka uitoe nje. Nachora kutoka saa mbili asubuhi hadi saa saba hivi, baadaye mabati yanawaka na wingu la mvua ya jioni linaharibu mwanga. Usiku kama lazima, nunua balbu ya LED nyeupe, ile boksi imeandikwa 4000K ama 5000K, na kama imeandikwa CRI 90 kwenda juu, yaani inaonyesha rangi karibu venye zilivyo juani, chukua hiyo hata kama bei inauma. Balbu ya manjano itakudanganya kila kitu chenye bluu.

Lakini ukiwasha taa usiku funga dirisha. Nilijifunza hii vibaya. Kuna zile siku vidudu vya ziwa vinapaa kutoka majini kama moshi, hasa mwezi ukiwa mwandamo, na vinapenda taa kuliko mtu anavyopenda mshahara. Niliacha picha mbichi ya anga, anga safi ya bluu na nyeupe nimehangaikia siku mbili, asubuhi nikakuta imeota ndevu. Na kosa la pili ni kwamba nilianza kuvitoa kimoja kimoja na kidole. Usifanye hivyo. Viache hapo, rangi ikauke hata kama ni wiki nzima, halafu pangusa na brashi kavu, vinapukutika vyenyewe na alama inayobaki ni ndogo unaifunika.

Kitambaa na fremu

Kanvasi iliyotengenezwa tayari inaagizwa Nairobi unatumiwa pasel kwa basi, na ni ghali. Mimi natumia amerikani, ile nzito isiyopaushwa, inauzwa kwa mita kwa maduka ya vitambaa hapa tauni. Ishike mbele ya mwanga kabla ulipe, ukiona mwanga unapita kama kwa chujio achana nayo. Ioshe kwanza na maji moto irudi yote ile ya kurudi, ikauke, piga pasi.

Fremu mpelekee fundi wa mbao wa jua kali, mwambie saiprasi kavu ya inchi mbili kwa moja, na hapa ndo watu wengi wanakosea, mwambie aichonge ule upande unaoangalia kitambaa iteremke kidogo kuelekea ndani. Kama mbao iko flati, kitambaa kinaigusa kila ukibonyeza brashi na baada ya muda unaona mstari wa fremu umejichora mbele ya picha. Ukipewa fremu pima kwa kamba kutoka kona hii hadi ile ya mshazari, halafu zile kona zingine mbili, urefu ukilingana iko skwea, usipolingana irudishe palepale kabla hujalipa baki.

Kuwamba: laza kitambaa, fremu juu, piga stepla moja katikati ya upande mmoja, nenda upande wa mkabala vuta na plaisi piga moja, halafu pande mbili zilizobaki hivyohivyo. Sasa unatoka katikati ukielekea kona, mbili huku mbili kule, usimalize upande mmoja wote kwanza kwa sababu kitambaa kitapinda. Ukimaliza kigonge na kidole, kilie kama ngoma. Kikilia kama gunia toa stepla uanze tena, pole.

Sasa usipake rangi ya mafuta moja kwa moja kwa kitambaa. Mafuta yakigusa pamba yanaikula pole pole, miaka ikienda inakuwa kavu kama karatasi ya zamani, ukiibonyeza inatoboka. Kwa hivyo kinga: gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa maji sehemu mbili, paka nyembamba mara mbili, kila mara ikauke usiku mzima. Halafu jeso ya akriliki, ile rangi nyeupe ya msingi inayochanganyika na maji, mikono mitatu, yaani unapaka mara tatu, ya kwanza unavuta kwa urefu, ya pili kwa upana, ya tatu kwa urefu tena, katikati unapitisha msasa laini namba 220. Acha siku tatu. Kuna mtu atakuambia tumia rangi nyeupe ya ukutani badala ya jeso, ya mazoezi sawa, lakini picha ya kuuza hapana, hiyo ya ukutani mingine inakuwa unga na rangi yako inabanduka nayo.

Kwa wanaoanza kabisa, achana na fremu. Chukua karatasi nene ama kipande cha habodi, jeso mikono miwili mitatu pande zote na kingo, chora. Ukiharibu hujalia. Na kuna hii ya lubugo, kitambaa cha gome la mtini cha Uganda, Michael Armitage ambaye alizaliwa Nairobi 1984 amejulikana dunia nzima kwa kuchora mafuta juu yake, vijana wananiuliza sana. Ni nzuri lakini iko na matundu na mishono, na inataka kuandaliwa kwa uangalifu, kwa hivyo isiwe picha yako ya kwanza.

Rangi: sita zinatosha

Rangi ya mafuta ni pigimenti, yaani unga wenye rangi, uliosagwa pamoja na mafuta yanayokauka, mara nyingi ya mbegu za kitani, wengi tunayaita linsidi. Neno la muhimu hapo ni yanayokauka. Hayakauki kwa maji kutoka kama nguo kwa kamba, yanakauka kwa kunywa hewa, oksijeni inaingia na mafuta yanageuka kuwa ngozi ngumu. Ukishika hiyo moja, karibu kila kanuni nyingine utaielewa bila kukariri. Ndo maana mafuta ya kupikia huwezi kuchanganya, ya mawese yatakaa miaka na bado yanashika kidole.

Na ile gloss ya hadiwea sio hii. Edward Saidi Tingatinga kule Dar alichora na enameli za kupaka baiskeli na akaanzisha mtindo mzima, hiyo ni kazi ya heshima yake, lakini usichanganye enameli na tyubu zako, kila moja inakauka kivyake na mwisho zinavutana.

Geuza tyubu usome nyuma, kuna namba ndogo ya pigimenti kama PW6, hiyo haidanganyi, jina la mbele linaweza kudanganya. Nunua hizi:

Nyeupe ya titaniamu, PW6, tyubu kubwa kwa sababu itaisha kwanza. Ukiona PW4 hiyo ni zinki, inakuwa ngumu na kuvunjika, na tyubu nyingi za bei ya chini zimeichanganya ndani kimyakimya. Oka ya manjano, PY42 ama PY43. Nyekundu ya kutu, PR101, ni karibu rangi ya udongo wa barabara ya kwenda Kakamega. Amba ya kuchomwa, kahawia nzito, PBr7. Bluu ya ultramarini, PB29. Na nyekundu moja kali ya kupoa kama PR122, sio PR83 ile alizarini ya zamani kwa sababu hiyo inafifia na mwanga, na mwanga hapa tunao mwingi.

Nyeusi sijaweka kwa makusudi. Amba na ultramarini nusu kwa nusu inakupa weusi wenye uhai, ukiongeza bluu unapoa, ukiongeza amba unapata joto. Rangi nyeusi ya tyubu itakaa hapo ikikutongoza kila ukitaka kivuli, na ukiishika picha yote inakuwa ya mkaa.

Brashi tano: flati mbili za nywele za nguruwe, moja pana kama vidole viwili na moja ya kidole kimoja, filbati mbili, zile bapa zenye ncha ya mviringo, na moja nyembamba ya kumalizia ambayo utaitumia mara chache kuliko unavyodhani. Paleti natumia kioo nilichokatiwa kwa fundi wa madirisha, chini yake nimebandika karatasi ya kaki ili nione rangi venye itakaa kwa picha, kwa kioo juu ya karatasi nyeupe kila rangi inaonekana nyeusi kuliko ilivyo.

Vimiminiko, na kwa nini picha hupasuka

Unahitaji viwili, linsidi na tapentaini ama waiti spiriti. Linsidi ya hadiwea iliyoandikwa imechemshwa ni ya milango na meza, imetiwa dawa za kukausha, itageuka kahawia juu ya anga lako, tafuta ile ya wasanii iliyosafishwa, chupa ndogo inakaa muda mrefu. Mafuta ya taa usitumie kupunguza rangi, yanaacha utelezi. Na ile thina ya kupuliza magari usiifungue kabisa kwa chumba unacholala.

Halafu kanuni yenyewe: kila mkono wa juu uwe na mafuta kuliko wa chini yake. Mkono wa kwanza rangi na tapentaini kidogo. Wa pili rangi kama inavyotoka kwa tyubu, ama na mchanganyiko wa kifuniko kimoja cha linsidi kwa vifuniko vitatu vya tapentaini. Wa mwisho nusu kwa nusu, na hata hapo matone tu, ukitumbukiza brashi kila dakika itakuwa supu. Sababu ni ile ya kunywa hewa. Mkono wenye mafuta mengi unakauka polepole na unaendelea kusonga kwa miezi, ukiuweka chini na juu yake uweke uliokauka haraka, wa juu umeshakuwa gamba na wa chini bado unacheza, gamba linafanya nini? Linapasuka. Nilikuwa na picha ya mzee mmoja niliyoianza na mafuta tele kwa sababu nilipenda venye inang'aa, nikamalizia na amba nyembamba ya tapentaini. Mwaka haukuisha kanzu ya mzee ilikuwa kama matope ya ziwa wakati wa kiangazi. Nilirudisha pesa.

Kwa sababu hiyohiyo, akriliki chini ya mafuta sawa, akriliki juu ya mafuta hapana.

Kikao chenyewe: uso wa mama wa samaki

Nitumie mfano mmoja, mama anayeuza ngege, yaani tilapia, pale ufukwe wa Dunga, amekaa mbele ya karai, asubuhi, anga wazi nyuma. Nilimwomba ruhusa, nikamlipa kitu kidogo, nikafanya mchoro wa haraka na picha za simu, kazi nikaifanyia nyumbani.

Kwanza ua weupe wa jeso. Nyekundu ya kutu na tapentaini nyingi, paka kote, pangusa na tambara ibaki kama chai ya maziwa. Siku moja mbili imekauka. Uso mweusi ukiuchora juu ya weupe unaona kila rangi ni nyeusi mno, unaogopa, unaongeza nyeupe, na hapo ndo majivu yanaanzia.

Pili, na amba nyembamba tu, weka vivuli. Finya macho mpaka uone mafungu matatu, giza, katikati, mwanga. Usichore jicho, chora shimo la jicho. Usichore mdomo, chora kivuli chini ya mdomo. Kama hapa hajafanana na mwenyewe, rangi haitamsaidia. Toka urudi nyuma hatua tatu kila baada ya dakika kadhaa, kwa bedsita yangu inamaanisha natoka mlangoni, majirani wamezoea.

Tatu, ngozi. Kivuli ni amba na ultramarini na tone la nyekundu ya kutu. Katikati, ambako ndo rangi yake halisi, ni amba, nyekundu ya kutu na oka, na unaihamisha kidogo kidogo, shavu na pua nyekundu zaidi, paji la uso oka zaidi, kuzunguka mdomo bluu kidogo. Mwanga ndo mtihani. Usikimbilie nyeupe. Panda kwanza na oka, halafu oka na nyekundu ya kutu, na ukifika pale mwisho kabisa paji la uso linapong'aa, huo mng'ao sio rangi ya ngozi, ni anga imejiangalia hapo kama kwa kioo. Kwa huyu mama ilikuwa nyeupe na ultramarini, kijivu cha bluu, tone moja lenye ukubwa wa punje ya mchele, nikaliweka mara moja na sikuligusa tena. Angekuwa ndani ya kibanda na balbu ya manjano ningeweka nyeupe na oka.

Halafu nikaona kitu kilichonichukua nusu saa kukielewa. Chini ya kidevu, mahali panafaa kuwa giza tupu, palikuwa na mwanga wa baridi, kama fedha. Ni karai. Jua limepiga maji na samaki, limeruka juu likamgusa kidevu. Nikachanganya ile rangi ya kivuli na bluu na chembe ya nyeupe, nikapitisha filbati mara moja, na kichwa kikatoka kwa kanvasi. Kwa hivyo kabla ujaze kivuli uliza kuna nini karibu, leso nyekundu itatupa wekundu shingoni, ukuta wa mabati utatupa bluu.

Ukimaliza siku, kingo ambazo hutaki ziwe kali, nywele na anga kwa mfano, pitisha brashi kavu juu wakati bado mbichi. Acha kali moja ama mbili tu mahali unataka jicho liende.

Kukausha, kusafisha, na matambara

Rangi nyembamba inashikika baada ya siku tatu hadi wiki mbili, mvua ya Machi mpaka Mei inachelewesha. Amba hukauka haraka, ina manganizi ndani. Usianike juani ukidhani unaharakisha, utapata makunyanzi. Wala usigeuze uso wa picha ukutani gizani miezi, linsidi inageuka manjano gizani, ikitokea irudishe kwa mwanga wa kawaida na itarudi kiasi. Sehemu ikifa, yaani imekuwa butu na za kando zinang'aa, sugua linsidi kidogo sana na tambara, pangusa yote, endelea.

Brashi: pangusa na gazeti, osha na waiti spiriti kwa chupa, halafu sabuni ya kipande kwa kiganja mpaka povu litoke jeupe. Ukilala humohumo unamochora kama mimi, tumia mafuta ya kupikia badala ya spiriti kutoa rangi, halafu sabuni mara tatu, kifua chako kitakushukuru. Spiriti chafu usimwage kwa mtaro, mtaro unaenda ziwani. Ifunike, uchafu utakaa chini baada ya siku chache, mimina ya juu utumie tena. Na usile ugali na mikono ya rangi, rangi zingine zina kadmiamu ama risasi.

Matambara yenye linsidi nasema kwa sauti: YANAWAKA YENYEWE. Mafuta yakinywa hewa yanatoa joto, tambara likikunjwa joto halitoki, chini ya mabati ya Kisumu ni mbaya zaidi. Nilikuwa nayaweka kwa karatasi ya nailoni nyuma ya mlango, siku moja nikasikia harufu ya kitu kinaungua nikadhani ni jirani ameunguza maharagwe. Nilipoishika ile nailoni ilikuwa imelainika. Tangu siku hiyo yanaenda kwa mkebe wa maziwa wenye maji na kifuniko, ama nayatandaza kwa kamba nje moja moja.

Vanishi na kupeleka kwa mteja

Vanishi ni baada ya miezi sita kwa nyembamba, mwaka kwa nene, na iwe ya picha, ile inayoweza kutolewa baadaye, sio ya fanicha. Chagua siku kavu, mimi hungoja Januari ama Februari, unyevu ukiingia chini utaona ukungu mweupe. Mteja hangoji mwaka najua, mpe picha, mwambie arudi nayo upake, wengi hurudi na wanakuja na oda nyingine.

Kama lazima isafiri mbichi, tafuta fremu nyingine tupu ya saizi hiyohiyo, weka kipande cha kizibo cha chupa kila kona, elekeza picha kwa hiyo fremu, funga na kamba pande nne, hakuna kitakachogusa uso. Nyuma andika jina lako, mwaka, na jeso gani ulitumia, penseli inatosha. Kwa boda ishike upana wake uelekee mbele na nyuma, ikae sambamba na barabara, ukiikinga upepo kama tanga nyinyi wawili mtaishia kwa mtaro pale raundi ya Kondele, na mwambie dereva kabla hajawasha kwamba ni mbichi, kwa sababu kuna mmoja aliniegemea.